Nilichomficha Eligia

Mke wangu Eligia tulimzika Jumanne, wiki mbili zimepita. Nitasimulia maisha yake kwa ufupi. Mimi si mtu wa maneno mengi, na mengi yaliyomo ni ya kunifedhehesha.

Alizaliwa hapa hapa, kwenye nyumba za juu, njia ya mtoni. Baba yake alichoma mkaa. Eligia alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa, na kicheko ambacho padre alishawahi kukikemea katikati ya misa. Alipika kashata za nazi na kuzitembeza kwenye sinia kichwani.

Mimi nilibatizwa Felicita. Nilivaa gauni na kusuka nywele mpaka nilipofika miaka kumi na miwili, ndipo mwili ukageuka kuwa wa kiume, kama inavyowatokea wengine hapa kwetu. Mama akaninyoa, akanishonea suruali, nikawa Felicito. Hilo si la aibu. Kila ukoo hapa unaye mmoja au wawili. Watu wanakutania mwezi mzima, halafu wanachoka.

Eligia alijua yote hayo alipokubali kuolewa na mimi. Dada yake, Digna, alimuuliza mbele yangu:

"Yaani unaolewa na mtu uliyekuwa unasukana naye nywele?"

"Angalau huyu anajua kusuka," Eligia akamjibu. "Wako anajua nini?"

Tulikuwa na miaka minne ya ndoa, bila mtoto, madaktari walipokuja. Wengine walitoka mji mkuu, wengine ng'ambo. Walitaka kujua kwa nini miili ya baadhi yetu inachelewa kujionyesha. Walitutoa damu. Walitaka pia mkojo wa mtu wa siku nzima, usiku na mchana, kila mtu na dumu lake. Kuyabeba hayo madumu nani angekubali? Eligia alikubali. Kila asubuhi alipita na punda, nyumba kwa nyumba.

Jirani yetu Tatica alikuwa akimngoja barabarani.

"We Eligia! Usichanganye la kwangu na la mumeo, nisije nikaota ndevu!"

"Ndevu unazo tayari, mama. Tunataka kujua tu zimetoka wapi."

Watu walimwita Eligia wa Madumu, naye aliitika. Madaktari walimpenda, kwa sababu ukoo wa kila mtu ulikuwa kichwani mwake. Walikuwa na karatasi kubwa kama shuka, mwanamke anachorwa duara, mwanamume mraba. Eligia alisimama mezani akiwaonyesha nani kamzaa nani. Walipofika kwetu sisi wawili, aliweka kidole chini ya majina yetu.

"Hapa msichore kitu," akawaambia. "Pana watu wanakuja."

Ndipo akawaomba watupime na hilo, kwa nini watoto hawaji. Tukapimwa wote wawili.

Majibu yalitoka siku ya Alhamisi. Eligia alikuwa nyuma ya nyumba ya madaktari akisuuza madumu, namsikia anaimba. Daktari wa mji mkuu, kijana mpole, alinivuta barazani.

"Bwana Felicito, katika mbegu zako hatukuona chochote kinachoweza kuzaa. Wengi walioumbwa kama wewe wana shida hiyo. Si kosa lako. Mkeo hatukumwona na kasoro yoyote. Nimwite tumweleze pamoja?"

"Nitamweleza mwenyewe," nikasema.

Tukashika njia ya nyumbani, punda katikati yetu.

"Wamesemaje?" akaniuliza.

"Mimi niko sawa."

Neno hilo lilinitoka kabla sijalifikiria. Nilikuwa nimehangaika miaka mingi kuwa mwanamume mbele ya watu, nikaogopa kurudi nyuma hatua hata moja. Lakini kulikuwa na nafasi ya kulirekebisha. Njia ile ni ndefu, nusu saa nzima.

Tulipofika kwenye njia nyembamba katikati ya migomba, Eligia akasema, "Basi ni mimi."

Nilimpiga punda fimbo, na punda alikuwa anakwenda vizuri tu.

Kesho yake aliacha kazi ya madumu. Alisema mgongo unamuuma.

Tangu hapo alianza kunywa dawa za mizizi, chungu, chupa baada ya chupa, zikimtapisha. Alikwenda kuhiji mpaka mji wa Higüey, kwenye kanisa la Bikira Maria, akaingia kwa magoti. Nilikwenda naye. Nilimshika mkono alipoinuka, magoti yanavuja damu, na bado nikanyamaza. Kisimani wanawake walimwita nyumbu, yule mnyama wa punda na farasi, asiyezaa. Yeye aliyekuwa na jibu la kila mtu, hilo hakulijibu. Mwaka mmoja aliniambia, bila kulia, kwamba nikitaka nikatafute mtoto nje, nimletee, atamlea kama wake.

"Sitaki mwingine," nikamwambia.

Akanibusu mikono yangu. Nikamwacha aibusu.

Watu wakanisifu. Mwanamume mvumilivu, walisema, mwingine angeshamfukuza. Nilizoea sifa hiyo. Nilikuwa nikiivaa kama shati la Jumapili.

Alisimamia ubatizo wa watoto kumi na mmoja wa wenzake. Alizeeka akipika kashata. Tumbo likamshika Januari, Machi akafa.

Siku ya tisa ya sala nyumba ilijaa. Tulimaliza rozari, kahawa na tangawizi zikaanza kupita. Tatica, ambaye sasa haoni vizuri, alinishika bega.

"Maskini Eligia, Mungu alimfunga tumbo. Ila alipata mume mtakatifu. Si kweli, jamani?"

Watu wakaitikia kweli. Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikiweka chini.

"Si kweli," nikasema. "Yeye hakuwa na kasoro. Mimi ndiye nisiyezaa. Daktari aliniambia."

Tatica akaondoa mkono wake begani kwangu. Digna alikuwa anafunga rozari kwenye leso, akaacha.

"Alikuambia lini, shemeji?"

"Mwaka ule wa madumu."

"Miaka arobaini na mitatu."

"Ndiyo."

"Na yeye alijua?"

"Hapana."

"Wiki ile anakufa aliniomba msamaha," Digna akasema. "Mimi, dada yake. Kwa kuwa mama yetu alikufa akingoja mjukuu kutoka kwake. Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Mlangoni."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

Nilidhani atanipiga. Ningefurahi. Alinitazama tu, muda mrefu, kama mtu anayetafuta bei ya kitu kilichooza. Halafu akanyoosha kidole uani, ambako wanawake walikuwa wanamenya mihogo na kuongea.

"Wale hawajasikia," akasema. "Na wao ndio waliokuwa wanamwita nyumbu. Nenda ukawaambie."

Nilikwenda. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Wakaniuliza, "Unataka kahawa, mzee?" Nikasema hapana, nikaanza upya.