Niliuliza "mango times mango ni nini?" darasa likacheka. Miaka ishirini baadaye nimeuliza tena

Wakuu, hamjambo. Nawasalimu kutoka Miasenyi, hapa barabarani, upande wa kutoka Voi ukielekea Mombasa.

Hii naandika mara ya tatu. Mbili za kwanza nilifuta, nikaona ni kama najisifu. Nitajaribu kueleza vile mambo yalikuwa, na pale sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki.

Mimi kazi yangu ni kuziba pancha. Shule niliishia Form Two, kwa hivyo mkiona nimeandika vibaya mnivumilie.

Nina daftari moja la shule, la kurasa tisini na sita, ambalo naandikia maswali. Si maswali makubwa. Kwa nini maharagwe huko Werugha kwa mama yanachukua muda mrefu kuiva kuliko hapa chini? Kwa nini tairi za malori hupasuka sana mchana? Kwa nini sabuni yangu ya kutafutia pancha haitoi povu nikitumia maji ya kisima cha hapa, na nikitumia ya mvua inajaa povu mpaka kwa kiwiko?

Wa kuniambia majibu ni rafiki yangu Wakesho. Tulisoma naye primary kule milimani. Yeye aliendelea, akapata A ya hesabu Form Four, sasa anafanya kazi ya kupima maji. Kila Jumatano anapita hapa na sanduku lake la chupa, anachota maji ya visima, halafu anakaa kwa kibanda changu akingoja gari la kazi limchukue. Kama dakika kumi hivi. Hizo dakika kumi ni zangu.

La sabuni alinijibu mara moja: maji ya hapa yana chokaa, inakula sabuni kabla ifanye povu. La maharagwe alinieleza kwamba juu mlimani maji yanachemka kabla hayajafika joto la huku chini, kwa hivyo hata ukiongeza kuni unachosha kuni tu. Mama yangu hajakubali mpaka leo. Anasema ni aina ya maharagwe. Sijasema amekosea, manake sijawahi kupika aina moja sehemu zote mbili.

Sasa kuna swali moja sikuwa nimeandika kwa daftari.

Form One, mwalimu wetu wa hesabu alitufundisha aljebra akisema m ni mangoes, b ni bananas. 2m + 3b huwezi kujumlisha, kwa sababu huwezi kuchanganya maembe na ndizi. Nilielewa hiyo vizuri sana. Nilikuwa hata naifurahia.

Wiki iliyofuata akaandika ubaoni m × m = m².

Nikainua mkono. "Teacher, mango times mango ni nini?"

Darasa lilicheka hadi la jirani wakaja dirishani. Mwalimu akaniambia nitoke nje nikapunguze mzaha. Mimi sikuwa nafanya mzaha. Masikio yalipata moto, na tangu siku hiyo sikuuliza kitu darasani. Hesabu ikaanza kunipita.

Nisimsingizie mwalimu. Alikuwa peke yake na madarasa manne ya hesabu, na mimi nilikuwa na sura ya mtu wa mzaha. Tena ndiye alinibeba kwa baiskeli yake siku niliumwa na nge. Na shule sikuacha kwa sababu ya embe. Niliacha kwa sababu mama aliugua na mimi ndiye mkubwa.

Mwaka huu nikachukua fomu ya kufanya KCSE, ule mtihani wa Form Four, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nataka kusomea umeme wa magari na wanaitisha cheti. Fomu ilikaa kwa droo ya spana wiki tatu. Nilikuwa naogopa kwamba tatizo halikuwa swali, ni kichwa changu.

Nikajiwekea mtihani wangu mwenyewe. Nikielewa embe mara embe kabla siku ya mwisho ya kurudisha fomu, ambayo ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, nitaijaza. Nisipoelewa, naiwashia jiko na sitasumbua mtu tena. Nilikuwa na Jumatano mbili.

Jumatano ya kwanza nikamuuliza Wakesho. Nilikuwa nimeinamia tairi ili asinione uso.

Akacheka. Wakuu, na yeye pia akacheka.

Halafu akaweka sanduku lake chini. "Ngoja. Rudia."

Nikarudia.

"Mwadime, m sio embe. Ni idadi ya maembe."

"Sawa. Na idadi ya maembe mara idadi ya maembe, ni idadi ya nini?"

Akakaa juu ya tairi kuukuu, na alikuwa amevaa nguo ya kazi nyeupe.

"Mimi nilipata A," akasema. "Na hilo sijui."

"Usinidanganye."

"Ningetaka kukudanganya ningekujibu."

Gari lake likapiga honi, akaenda. Chupa moja akaisahau kwangu.

Jioni nikaandika kwa daftari: WAKESHO PIA HAJUI. Kwa herufi kubwa. Baadaye nikaiangalia nikaona ni kama nafurahia, nikaikata. Lakini ukweli ni kwamba kidogo nilifurahia. Na pia niliogopa, maana kama yeye wa A hajui, mimi wa droo ya spana nitajulia wapi?

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Mara mbili nilitoa fomu nikairudisha.

Jumatano ya pili akafika, hata salamu hakumaliza.

"Lori hii ina tairi ngapi?" Kulikuwa na lori za mchanga tatu zimesimama, madereva wanakula.

"Kumi."

"Na ziko lori ngapi?"

"Tatu."

"Tairi zote?"

"Thelathini."

"Kwa hivyo umezidisha lori kwa tairi? Lori mara tairi imezaa nini?"

"Hakuna kitu imezaa. Nimezidisha tatu kwa kumi."

"Haya. Zikija lori kumi?"

"Mia."

"Kumi mara kumi. Kuna mahali umeona tairi ikizidishwa kwa tairi?"

Hapo wakuu nilisikia kitu kikiachia kichwani, kama nati iliyoshika kutu ikikubali spana.

Akaendelea polepole, akigonga tairi na kifuniko cha chupa. "Herufi ni kiti cha namba. t sio tairi. t ni *ngapi*. Lori ni t, na kila moja ina tairi t, basi zote ni t skwea. Tulidanganywa na yale maembe. Mimi nilipita kwa sababu sikuuliza."

Ningenyamaza hapo ingekuwa vizuri. Lakini kitu kilikuwa kinaniwasha.

"Na spea?"

"Spea gani?"

"Kila lori iko na spea moja. Umezisahau. Lori kumi, spea kumi. Ni mia na kumi."

Nilidhani nimemharibia mfano wake. Akanitazama, akachukua chaki yangu ya kuwekea alama ya pancha, akanipa. "Andika. Usitumie namba."

Nikaandika ubavuni mwa tairi kuukuu. Kila lori ina tairi t na moja zaidi. Lori ziko t.

t(t + 1) = t² + t

"Nani amekufundisha hii?"

"Nimekosea?"

"Mwadime. Nani amekufundisha?"

"Si spea tu?"

"Hiyo ndiyo kufungua mabano. Watu wanalia nayo Form Two nzima." Akaipiga picha na simu.

Mngedhani nilienda moja kwa moja kujaza fomu. Sikuenda. Usiku huo huo nilianza kujishuku. Labda Wakesho alinishika mkono tu, kama vile unashika baiskeli ya mtu anayejifunza, yeye anadhani anaendesha. Nitajuaje kama nimeelewa mimi, au ni yeye ameelewa mbele yangu?

Alhamisi akaja dereva mmoja wa Mombasa, mtu mzima, kofia ya kiua kichwani, lori yake ina pancha ya nyuma ndani, ile ya kusumbua. Nikiwa nafungua nati nikaamua: nitamweleza huyu. Akielewa, basi nimeelewa.

"Mzee, samahani, lori yako ina tairi ngapi?"

"Kumi. Moja ndiyo hiyo unayoifungua. Kwani huoni?"

"Zikiwa lori kumi kama hii?"

"Bwana fundi, mie nimekuja kuzibiwa pancha, sikuja chuoni."

Lakini kazi ni ndefu na kivuli ni kimoja, kwa hivyo akasikiliza. Nilieleza embe, nikaeleza lori, nikaeleza spea. Nilikwama mara moja nikaanza upya. Mwisho akaitikia kwa kichwa.

"Ehee. Kumbe hiyo herufi ni ngapi, si nini."

Sikuwa nimemwambia maneno hayo, au kama nilisema sikumbuki. Nilitaka kumkumbatia lakini nilikuwa na grisi.

Halafu akaniuliza, "Sasa hiyo t yako ikiwa nusu? Nusu lori, lina nusu tairi?"

Akaanza kucheka. Na dereva mwenzake aliyekuwa akinywa chai kando naye akacheka.

Nikafikiri. Nikaikata lori yake nusu kichwani, haikukubali.

"Hilo sijui," nikasema.

"Ah! Sasa we mwalimu gani?"

"Mimi si mwalimu, mzee. Nitauliza."

Nikarudi kwa tairi yangu. Nilikuwa nimekaza nati tatu ndipo nikagundua kwamba nimechekwa, na masikio hayajapata moto.

Nilimaliza kazi ya yule mzee, nikafunga kibanda mapema mchana, nikaenda Voi ofisi ya elimu na fomu. Nilijazia kwa benchi pale pale ofisini. Mama wa pale akaangalia akaniuliza, "Hesabu ni lazima, unajua?" Nikamwambia najua. Akagonga muhuri bila kuniangalia tena. Kwake ilikuwa karatasi kama zingine.

Sijui kama nitapita. Kiingereza changu ni kibaya kuliko hesabu, na sitaki mtu hapa aniambie nitapata A, tafadhali. Wakesho amekubali dakika kumi ziwe za mtihani mpaka mwezi wa mtihani ufike. Maswali ya maharagwe yatangoja.

Nilichojifunza ni kidogo. Kutoelewa kwangu si lazima iwe upungufu wa akili. Wakati mwingine ni mfano uliopewa ndio mbovu, na wewe umeufuata kwa uaminifu mpaka mahali unapovunjikia. Wale ambao hawakuuliza walivuka tu. Sisemi ni kila mara hivyo. Mara nyingi mimi ndiye mbovu. Lakini ningependa ningejua hilo nikiwa na miaka kumi na tano.

Walimu mlio humu, kama kuna njia bora ya kufundisha m × m bila matunda, andikeni hapa chini, wengine wanasoma kimya kimya.

Na lile swali la dereva bado niko nalo. Nimejaribu kwa simu: nusu mara nusu inakuwa robo. Nikachukua kipande cha raba ya kiraka, nikakata nusu, nikakata hiyo nusu tena nusu, ni kweli robo, naiona kwa macho. Lakini maisha yangu yote nimejua kuzidisha ni kuongeza. Sasa inakuwaje nimezidisha na kitu kimepungua?

Mwenye kujua anieleze. Kucheka ruhusa.