Kamera Sebuleni kwa Mama

Mimi ni mtu wa kushika kwanza, kulipa baadaye. Sufuria naigonga kwa kidole nisikie inavyolia. Punje za wimbi nazitia mdomoni nikatafuna, na mchanga ukikwaruza meno namrudishia muuzaji mbele ya wateja wake. Kazi yangu ni kuinunulia chakula shule moja ya bweni huku Ogembo, na wauza maharagwe wa soko la Nyamache wakiniona natokea huambiana kwamba yule mama wa macho amefika. Sikasiriki. Nimeshafungua magunia mengi yenye maharagwe mazuri juu na yaliyotobolewa na wadudu chini. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ndiyo maana sijaelewana kamwe na hii biashara ya kununua picha. Mtu amelala kitandani, anasugua kioo cha simu kwa kidole gumba, kesho yake boda boda inapiga honi langoni na kuleta kitu ambacho hakuna aliyekishika. Jirani yangu aliagiza mashine ya kusaga matunda. Ikaja inayotosha ndizi moja, tena ndizi yenyewe ikatwekatwe. Alipopiga simu kulalamika akajibiwa na sauti iliyorekodiwa, ikimshukuru kwa kuwa mteja. Nilicheka mpaka akaninunia.

Simu yangu ni mulika mwizi. Inapiga, inapokea, na stima ikipotea inaniangazia njia. Watoto wangu huona haya nikiitoa mbele ya wenzao. Mimi naona simu isiyojua ninachotaka kununua ina adabu zake.

Mdogo wangu wa kiume ni kinyume changu. Yuko ng'ambo, anafanya kazi ya kutunza wazee wa watu wengine katika nyumba kubwa ambayo, kwa maelezo yake, kila ukuta una kamera. Mzee akiinuka kitandani, kengele inalia. Mzee akikawia chooni, kengele inalia. Alikuwa akitusimulia hayo kwa fahari, na mama, aliyekuwa akisikiliza kwenye simu ya mtu, aliuliza tu kama hao wazee hawana watoto.

Mama anaishi peke yake kwenye mteremko ulio chini ya soko la Nyamache, yeye na majani yake ya chai na migomba yake. Nilishamwomba mara nyingi ahamie kwangu. Anasema mtu mzima haachi nyumba yake ikaota nyasi mlangoni. Msimu wa mvua uliopita aliteleza kwenye bafu lake la mabati nje ya nyumba, akalala pale kwenye tope hadi wachuma chai waliokuwa wakipita wakamsikia. Goti halikuvunjika, lakini tangu siku hiyo anatembea kama anayehesabu mawe. Sisi wanawe tuliogopa sana. Ningesema sikuogopa ningekuwa mwongo.

Basi mdogo wangu akanunua kamera. Aliagiza kutoka hukohuko aliko, kwenye duka moja la Kisii mjini, na fundi akatumwa nayo kwa boda boda. Mimi nilipinga. Niliuliza nani ameishika, nani ameijaribu, ikiharibika inarudishwa wapi. Mdogo wangu akanijibu kwa upole unaoudhi, "Dada, wewe ukiachiwa, mama atalindwa na mbwa."

"Mbwa simwogopi," nikamwambia. "Najua anakolala."

Lakini goti la mama lilikuwa limevimba. Nikakubali. Kamera ikawekwa sebuleni, juu ya kabati la vyombo, kwa sababu ndiko kuliko na soketi ya stima na ndiko mtu yeyote anayeingia lazima apite. Ilikuwa kitu kidogo cheupe, cha mviringo. Fundi alipotaka kuweka programu yake kwenye simu ya mtu wa karibu, akaiangalia mulika mwizi yangu, akatabasamu. "Hii haiwezi, mathee," akasema. Mdogo wangu akaamua kwamba itakaa kwenye simu yake yeye mwenyewe na kwenye simu ya mume wangu. Ikilia, mume wangu afungue haraka, maana huenda mama ameanguka. Sote tukaona ni busara. Tulikuwa watu wazima, tumesoma, tumeoa na kuolewa, na hakuna hata mmoja aliyeliona lililokuwa mbele yetu.

Niliseme kwa ajili ya asiyetujua. Sisi Abagusii tuna kitu tunachokiita chinsoni. Ni heshima, na ndani yake mna haya. Ndiyo inayopanga nani aketi karibu na nani, nani atanie nani, nani asiingie chumba cha nani. Mwana na mzazi wana mipaka yao. Lakini mtu na mama mkwe wake, hapo ndipo penye ukuta mrefu kuliko kuta zote. Mume wangu, kwa miaka yote ya ndoa yetu, hajawahi kukaa kochi moja na mama yangu. Wakikutana njiani, mmoja hutafuta ukingo. Na ndani ya umbali huo walipendana. Ni yeye aliyempasulia kuni, aliyeziba paa lake lilipovuja, aliyempelekea unga wa wimbi na kuuacha kizingitini huku akisalimia kwa sauti ya chini. Mama humsifu kuliko anavyomsifu mwanawe, ila hamsifu akiwepo.

Mama mwenyewe aliipenda ile kamera, na hilo ndilo linaloniuma. Ilikuwa na spika. Kila asubuhi sauti ya mwanawe ilitoka juu ya kabati, "Bwakire, mama," naye akajibu "Bwakire" huku akiifuta vumbi kwa kitambaa. Alimwambia habari za ng'ombe wa jirani na bei ya chai. Alianza kuvaa kitambaa kizuri kichwani asubuhi. Nilipomtembelea, alinionyesha kwa fahari mahali mwanawe "anapokaa". Aliielewa kama anavyoielewa redio: ikisema, mtu yupo, ikinyamaza, mtu ameondoka. Hakuna aliyemweleza zaidi. Fundi alimwambia ni kitu cha usalama, mdogo wangu akamwambia ni ya kusalimiana, na mimi mwenye macho sikumwambia kitu.

Tangu aanguke, mama alikuwa ameacha bafu la nje. Alioga sebuleni, ndani ya karai, mlango ameukomea, kwa sababu sakafu ya saruji pale imenyooka na aliweza kulishika kochi. Sisi ni Wasabato. Siku ya Ijumaa, jua halijazama, nyumba inafagiliwa, chakula kinapikwa, na mtu anaoga ili Sabato imkute safi. Mama hajawahi kuikosa Ijumaa hiyo tangu nimjue.

Ijumaa moja mume wangu alikuwa kwetu Ogembo, ameketi kwenye kochi lake mwenyewe, anakunywa chai. Mimi nilikuwa jikoni nikiepua sufuria. Nikasikia simu yake ikilia ule mlio wa kamera. Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani. Nilipotoka jikoni, simu ilikuwa imelala kifudifudi juu ya meza na mume wangu alikuwa uani, amesimama akiutazama ukuta wa jirani.

"Mama ameanguka?" nikamuuliza.

"Hajaanguka."

"Sasa ni nini?"

Alisogea hatua moja zaidi kuelekea ukutani. Kisha akasema, bila kugeuka, "Toa hicho kitu kwenye simu yangu."

Nikaelewa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na sijui niliona aibu kwa niaba ya nani. Zamani mtu akimkuta mama mkwe wake mtoni kwa bahati mbaya, angalau wote wawili walijua kwamba wamekutana. Wazee waliitwa, yakasemwa yanayosemwa, yakafanywa yanayofanywa, watu wakaendelea kuishi. Lakini huyu hakwenda mtoni. Alikuwa nyumbani kwake, maili nyingi kutoka Nyamache, na alifungua kwa sababu tulimwambia afungue.

Jumapili hakwenda kwa mama kama ilivyokuwa desturi yake. Wala Jumapili iliyofuata. Unga nikaupeleka mimi, kuni akapasua kijana wa kukodi. Mume wangu hakunilaumu na hakumlaumu mdogo wangu, ila alipunguza maneno nyumbani, na nikitaja habari za mama aliinuka kwenda kuangalia kitu nje.

Nilikwenda Kisii mjini kumtafuta yule fundi. Nilitaka kujua jambo moja tu. Zile picha zilizokwisha kupigwa ziko wapi? Akaniambia zimehifadhiwa kwenye wingu, na kidole chake kikaelekea juu, kwenye dari la kibanda.

"Wingu la nani?" nikamuuliza.

"La kampuni, mathee."

"Kampuni iko wapi?"

Akacheka, si kwa ubaya. Hakujua. Alikuwa ameuza vitu hivyo kwa nusu ya mji, na hakujua. Mimi siwezi kununua debe la mahindi bila kujua limetoka shamba la nani, na mwili wa mama yangu ulikuwa umehifadhiwa mahali ambapo hata muuzaji hakuweza kunielekeza. Nilimfokea pale mbele ya watu, nikamwita mwizi, ingawa hakuniibia chochote. Nikatoka bila hata kumuaga, nikapanda gari la kwenda Nyamache.

Nilimkuta mama akichambua chinsaga kwenye ungo. Nikavuta kiti, nikapanda, nikachomoa waya ukutani, nikaitoa ile kamera juu ya kabati. Mama aliushika mkono wangu.

"Unampeleka wapi?"

"Mama, hii si mtu."

"Najua si mtu. Sijawa mjinga. Lakini ndiyo sauti yake. Unataka nizungumze na paka?"

Nilishuka, nikaketi, nikaiweka mapajani kama mtoto wa mtu. Ningeweza kusema imeharibika. Uongo huo nilikuja nao kutoka Kisii, umeiva kabisa. Nikashindwa kuutoa. Nikamwambia kwamba hii kamera ina jicho, kwamba hata ikinyamaza inaona, na kwamba inapoona mtu ameinama au ameshuka chini inapiga simu kwa mwenye nayo.

Mama aliendelea kuchambua mboga. Jani moja, jani jingine. Kisha mikono ikasimama. Akaitazama sakafu, pale ambapo karai huwekwa, na macho yake yakapanda taratibu hadi juu ya kabati. Nilimwona akipiga hesabu ya Ijumaa zake.

"Nani ameniona?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe simu yako haina picha."

Mama akavuta leso yake mabegani, akaifunga vizuri mbele, ingawa alikuwa amevaa sweta na hakukuwa na baridi.

"Ndiyo maana haji," akasema.

Nikaanza kulia. Yeye hakulia. Aliniambia nimwambie mume wangu kwamba mama hajui lolote, kwamba nimeitoa kwa sababu imeharibika, na kwamba paa la jikoni linavuja tena. "Akidhani sijui, atakuja," akasema. "Mimi nitaweza kutojua. Nimeshindwa na mengi, hilo halitanishinda."

Kuku waliingia, akawafukuza. Ndipo akauliza lile ambalo nilikuwa nimeomba njia nzima asiliulize.

"Na mwanangu?"

"Sijui, mama. Kwa kweli sijui."

"Usimuulize," akasema. "Mimi ndiye nitakayempokea akija. Nikijua, nitampokeaje?"

Mume wangu alikwenda, kwa kweli. Aliziba paa, akakataa chai, akarudi kabla ya jua kuzama. Kila mmoja wao alijitahidi kwa ajili ya mwenzake na nikashukuru. Lakini mama sasa anaoga nje. Nilimsihi arudi sebuleni, nikamwonyesha ukuta ulivyo mtupu, nikafungua hata milango ya kabati aone kuna sahani tu. Anatikisa kichwa. Anachukua karai lake, anashuka kwenye tope kuelekea bafu la mabati, mkono mmoja ukitafuta ukuta. Na mimi ninayeyajua haya yote siku za Ijumaa niko Ogembo, nasikiliza mvua.

Juzi mdogo wangu alinipigia. Alikuwa ametoka zamu na sauti yake ilikuwa imechoka. Akauliza mbona kamera ya mama haionekani siku hizi. Nikasema stima, nikasema mtandao, nikasema hivi vitu vya bei rahisi ndivyo vilivyo. Akakubali upesi, akacheka, akasema kwa mara ya kwanza mimi dada yake nimesema kweli: ile ilikuwa ya bei ya chini, na picha zake jioni zilikuwa na ukungu.

"Usijali," akasema. "Nimeshaagiza nyingine. Hii inaona hata gizani."