Atomi ya Anastazi Kizuizini

Hata leo sielewi mume wangu alitaka kusomea nini. Mimi nimekulia kambi ya jeshi Mbarara, baba alikuwa askari, kwa hiyo naelewa bunduki, foleni ya posho na matusi. Atomi siielewi.

Anastazi aliletwa kambi ya wakimbizi ya Nakivale akiwa mtoto wa mgongoni, wazazi wakitoka Rwanda. Akasoma, akawa mwalimu wa fizikia. Mwaka 1984 aliomba nafasi ya kwenda ng'ambo kujifunza kuendesha atomi kwa mwanga. Alinieleza jikoni, nikikoroga uji. Unaipiga atomi kwa mwanga wa kufumba na kufumbua, inapanda. Ukiukata mwanga ule nusu ya muda wake, atomi inakuwa juu na chini kwa pamoja.

"Yaani hujui iko wapi," nilimwambia.

"Najua, mama Yohana. Iko kotekote wakati mmoja. Nikiipiga tena naweza kuimalizia juu au kuirudisha chini. Ila mtu akiichungulia katikati, ataikuta mahali pamoja tu, na kazi yangu imeharibika."

Nilimwambia anywe uji.

Nafasi ile ilikuwa ya wakimbizi tu, na siku ya mwisho kujiandikisha Mbarara ikafika. Sasa, wanaume wa Nakivale waliooa kwetu sisi raia walitembea na karatasi mbili: kadi ya ukimbizi mfuko wa shati, tikiti ya kodi ya raia mfuko wa suruali. Ukiulizwa, unajua utoe ipi. Mimi, kwa kutaka apendeze, nikapiga pasi suti yake na kutia karatasi zote katika bahasha moja na barua yake ya maombi na michoro yake ya atomi.

Njiani, baada ya kupita Rwekubo, tukasimamishwa kwenye kizuizi cha askari. Wakimbizi wasio na kibali cha kutoka kambini walikuwa wamekalishwa majanini, wakingoja kurudishwa. Askari akaimwaga bahasha yetu, akaanza na michoro.

"Hii nini? Bomu?"

"Hapana, afande. Ni atomi inapigwa na mwanga."

Anastazi akamweleza kama anavyoeleza wanafunzi, na askari akasikiliza kweli. Hapo nikazidi kuchanganyikiwa.

"Sasa iko juu ama iko chini?"

"Yote mawili, afande, mpaka mtu aangalie."

Askari akainua kadi mkono mmoja, tikiti mkono wa pili. "Na wewe iko mukimbizi, iko raia. Sasa mimi naangalia. Wewe iko gani?"

Anastazi akaitazama kadi, kisha tikiti. Wale wa majanini walikuwa wakitutazama, nikaona naye atakalishwa pale. Damu ikanichemka.

"Ni raia," nikafoka. "Ni mume wangu, mtu wa hapahapa. Tuache tupite."

Askari akasikia Kiswahili changu cha kambi ya jeshi, akacheka kidogo. Akaichana kadi ya ukimbizi vipande vinne, bila hasira, kama mtu anayetusaidia.

"Sasa iko moja. Pita."

Njia nzima nilijiona mshindi, nikashangaa mbona mwenzangu hafurahi. Ofisini Mbarara karani, mama mmoja mpole, akaisoma barua, akatabasamu, akaomba kadi ya ukimbizi. Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini, na nikaona aibu.

"Bila kadi siwezi kuandika jina, na mwisho ni leo," alisema karani. "Iko wapi? Kuna mtu ameiharibu?"

Anastazi hakunitazama. Akamwambia ameipoteza mwenyewe, kwa uzembe wake.