Kikombe Nilichokataa Kuondoa

"Mtoto mpeleke kwa nyanya yake Kenya. Hapa ni kazi, si kliniki ya akina mama."

Hayo aliyasema msimamizi wangu, Mkenya mwenzangu, akiwa na barua ya onyo mkono mmoja na kalamu mkono mwingine. Tulikuwa kwenye chumba cha vyombo, nyuma ya ukumbi wa mikutano wa hoteli moja ya West Bay, hapa Doha. Mwaka mzima nilikuwa nimemvumilia. Anayaita maziwa ya kifua niliyokamua na kuweka kwenye friji ya wafanyakazi "ile kitu yako", nanyamaza. Ananinyima mapumziko, nanyamaza. Lakini alipomtaja binti yangu, uvumilivu uliisha.

"Sisaini," nikamwambia.

"Unasaini tu kuonyesha umeipokea."

Nikaichukua barua mkononi mwake. "Nimeipokea, si unaniona nayo? Kalamu rudisha mfukoni."

Barua ilisema nilikataa amri mbele ya wageni wa heshima, na kwamba kuanzia wiki inayofuata nahamia zamu ya jioni, saa tisa hadi saa sita usiku. Asiye na mtoto ataona ni jambo dogo. Binti yangu alikuwa na miezi tisa na bado ananyonya. Baba yake anaendesha basi la kampuni, anatoka saa kumi alfajiri kuwachukua vijana wa Industrial Area, anarudi saa moja jioni amechoka hoi. Jirani yetu wa mtaani Abu Hamour, mama Mganda anayetulelea mtoto, saa kumi na moja jioni anamrudisha kwa mwenyewe, na hana makosa, ana wanawe watatu. Kwa hiyo zamu ya jioni ilikuwa na maana moja tu: mtoto apandishwe ndege. Sikubeba mimba ili nije kumlea kwa simu.

Sasa nieleze hilo kosa langu.

Wiki iliyotangulia, pande mbili za Wapalestina zilikuja hotelini kwetu kuzungumzia serikali ya pamoja baada ya uchaguzi wao. Upande mmoja ulikuwa umepata viti vingi, mwingine ulikuwa na urais. Wenyeji wa Qatar walikaa katikati kama wapatanishi. Ghorofa mbili juu walikaa mabalozi wa nchi za nje, ambao walikuwa wameshasema hawataitambua serikali yoyote yenye mawaziri wa upande ule ulioshinda.

Sisi Wakenya wa jikoni hatukuhitaji mwalimu. Serikali ya nusu mkate, ya mahasimu kugawana wizara, tumekulia ndani yake.

"Wamefika wapi?" mwosha vyombo aliniuliza siku ya pili.

"Mkate wamekubali kuukata. Wanagombania nani ashike kisu."

"Wizara ya polisi?"

"Ngoja uambiwe na redio, mimi ni mtu wa kahawa."

Na kweli nilikuwa mtu wa kahawa. Hata nani amiminiwe kwanza ulikuwa mgogoro, maana kila upande ulijiona ndio serikali. Mimi ndiye niliyemwambia mhudumu mwenzangu, "Wewe anzia ncha ile, mimi hii, dele ziinuke pamoja." Dele ni lile birika la kahawa lenye mdomo mrefu. Tukafanya hivyo siku zote, na hakuna aliyenuna. Wazo hilo hakulitoa meneja yeyote.

Siku ya tatu, kiongozi wa ule upande ulioshinda alipokea finjani yake ya kahawa, akaitazama, akaiweka mezani bila kuigusa kwa midomo. Mimi nilijua papo hapo.

Nilijua kwa sababu kabla ya hoteli nilifanya kazi ya nyumbani miaka mitatu kwa familia moja hapa Doha. Mama mwenye nyumba alinifundisha kahawa kwa makelele: dele mkono wa kushoto, finjani wa kulia, mimina kidogo, mgeni akitikisa kikombe ametosheka. Na siku moja nilipochukua kikombe kilichojaa mbele ya shemeji yake, alinivuta jikoni kwa kiwiko. "Huyo ana ombi! Mgeni asipokunywa, anasubiri mwenye nyumba amuulize shida yake. Ukikitoa kikombe, umemjibu hapana kwa niaba ya mume wangu!" Nililia siku hiyo. Leo namshukuru.

Msimamizi wangu hakupita shule hiyo. Yeye alisomea hoteli, na kanuni ya hoteli inasema kahawa iliyopoa haikai mbele ya mgeni mkubwa. Akasimama mlangoni akaninyooshea kidole: toa. Nikatikisa kichwa. Akanyoosha tena, macho yamemtoka. Nikatikisa tena. Basi akaja mwenyewe kwa hatua zile za kunyata, akaupeleka mkono mezani.

Nikaweka trei yangu katikati ya mkono wake na finjani.

"Acha, bosi," nikamnong'oneza kwa Kiswahili. "Bado anaomba."

"Umerogwa? Ondoka."

"Siondoki."

Pengine ni sekunde nne tu. Mkubwa wa wale wenyeji wa Qatar akageuka, akatuona sisi wawili na trei, kisha akaiona finjani iliyojaa. Kiarabu changu ni cha nyumbani, cha sabuni na watoto, lakini hayo niliyaelewa yote.

"Kahawa yako haijanywewa," alisema. "Una haja gani?"

Yule kiongozi akajibu taratibu. "Moja. Kabla jina la waziri hata mmoja halijasomwa, panda wewe mwenyewe ukazungumze na wale mabalozi wa juu. Sitarudi kwa watu wangu na orodha ambayo nchi za nje zitaitupa kesho yake."

Mwenyeji akawatazama wa upande wa pili. Mkubwa wao akainamisha kichwa kukubali.

"Umepata," mwenyeji akasema. "Kunywa."

Akainywa yote mara moja, kisha akaninyooshea finjani. "Nyingine, binti yangu. Hii imekuwa barafu."

Watu wakacheka. Wapalestina wa pande zote mbili, kwenye meza moja! Mimi nikamimina. Mwenyeji akapanda juu mchana huohuo, na kesho yake taarifa ya pamoja ikasomwa. Sidai kwamba niliiunda serikali ya mtu, na kama mkate wao ulikatwa sawasawa siwezi kujua. Ila kuna ombi lililopata jibu kwa sababu finjani ilibaki mezani, na aliyeibakisha ni mimi.

Siku mbili baadaye, kwenye mkutano wa asubuhi, meneja alimpongeza msimamizi wangu kwa "huduma yenye kuelewa mila". Yeye akainama, akatabasamu, akashukuru. Saa moja baadaye ndio akaniita kwenye chumba cha vyombo na ile barua.

"Wewe ni mhudumu, si balozi," alinitupia nilipokuwa natoka.

"Na wewe umepongezwa kwa kazi ya mhudumu," nikamjibu.

Nilishuka moja kwa moja hadi ofisi ya wafanyakazi nikaomba karatasi. Karani akaniuliza kama nataka kwanza nitulie. Nikamwambia nimetulia sana. Niliandika kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, nikabaki na nakala yenye muhuri. Kwa Kiswahili inasema hivi:

"Malalamiko rasmi dhidi ya msimamizi wa ukumbi.

Nimepewa onyo kwa kutoondoa kikombe cha mgeni. Mgeni alikuwa na ombi, na kwa mila ya nchi hii kikombe hicho hakiondolewi. Muulizeni Mqatari yeyote. Shahidi wangu ni mhudumu aliyekuwa na dele ya pili.

Pongezi zilizotolewa kwa tukio hilohilo amepewa msimamizi. Haiwezekani jambo moja liwe sifa kwake na kosa kwangu.

Aliniambia nimpeleke mwanangu Kenya. Mwanangu si mfanyakazi wa hoteli hii na msimamizi hana mamlaka juu yake.

Nataka onyo lifutwe kwenye faili langu, nibaki zamu ya asubuhi, na nipewe mapumziko ya kunyonyesha ninayostahili. Nataka jibu kwa maandishi ndani ya siku saba. Nisipolipata, nitapeleka nakala hii ofisi ya kazi ya serikali.

Mhudumu wa kahawa, zamu ya asubuhi."