Shukrani kwa Dada wa Guangzhou

Najat alikuwa mnunuzi wa vitambaa vya mapazia. Mwaka 1998 alikuwa akikaa Guangzhou miezi mitatu mitatu, akichagua mizigo kwenye soko la vitambaa la Zhongda na kuipeleka duka la kaka yake Unguja. Mumewe, Msabaha, alikuwa Nagoya, Japani, kwenye biashara ya magari yaliyotumika. Kila Ijumaa walizungumza kwa simu ya hoteli.

Ijumaa moja Msabaha alimwomba msaada. Mzee wa Kijapani mwenye yadi ya magari alikuwa amepata mjukuu wa kike, na kwa mapenzi yake kwa watu wa Unguja alitaka jina la Kijapani litakalopendeza kwao pia. Najat ndiye mwenye kujua kuchagua majina, alimwambia, na huko Uchina wapo wa kuyaandika.

Najat alifurahi kuombwa. Alikwenda mtaa wa Yide Lu kwa mzee Ou, muuza wino na madaftari. Ou alifundishwa Kijapani kwa lazima utotoni, wakati wa vita, na hakupenda kukisema. Kwa Kiingereza cha sokoni alimweleza kwamba jina moja la Kijapani laweza kuandikwa kwa herufi tofauti tofauti za Kichina, kila moja na maana yake. Alianza na Hana, yaani ua. Najat alikataa, kwao watoto wangemuuliza mwenzao hana nini. Jina la Kumi nalo likakataliwa, kwa kuwa kwao ni hesabu. Siku ya tatu Ou akamtajia Aya. Najat aliijua aya ya Qur'ani, akalikubali. Mzee akamwonyesha herufi yenye maana ya hariri iliyofumwa mapambo, na alama ya uzi ubavuni. Aliiandika kwa brashi, uzi kwa umbo lake la zamani, kwani Wachina wameshaufupisha na kule Japani wangesema imekosewa. Najat akaituma kwa faksi.

Baada ya wiki mbili ikaja faksi kutoka Nagoya, imeandikwa kwa mkono, kwa Kijapani. Najat alidhani ni shukrani za yule mzee wa yadi, akaipeleka kwa Ou. Ou aliisoma, akamuuliza kama ana kaka Japani. Najat akasema hana kaka huko, ana mume. Mzee akataka kuirudisha karatasi. Najat akamshikilia asome.

"Dada mpendwa, asante kwa jina ulilompa mtoto wetu. Mume wangu aliahidi kwamba familia yake ndiyo itakayochagua." Chini kabisa, kwenye jina kamili la mtoto, kidole cha Ou kikafuata herufi moja moja: "Mu-sa-ba-ha. Aya."

Najat alimtaka asome tena. Alipozaliwa binti yao Ilham, Msabaha alikuwa Dubai, akaleta salamu kwamba jina lolote litafaa. Kwa huyu, alimtembeza mkewe siku tatu juani.

Alimpigia simu siku hiyohiyo. Msabaha hakukana.

"Mama Ilham, sheria ya dini haikunikataza."

"Sikukuuliza sheria. Nakuuliza kwa nini umenifanya dada yako."

Msabaha akaanza kuzungumzia ugumu wa vibali vya kukaa Japani. Najat akakata simu, akarudi Yide Lu. Alimwambia Ou amwandikie yule mama: yeye si dada, ni mke wa Msabaha kwa miaka tisa na ana binti, hana ugomvi na mama wala mtoto, mtoto asibadilishiwe jina. Ou alitaka kuilainisha sentensi ya kwanza. Najat akasema iende hivyo hivyo. Hakupata jibu.

Mwezi uliofuata Msabaha alifika Guangzhou na mkufu wa dhahabu, akamleta Abdulhadi, mfanyabiashara mwenzao kutoka Unguja, awapatanishe. Abdulhadi alisema mke wa pili si dhambi, na hasira hutoka kwa shetani. Najat alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mumewe na kurudia swali lake lile lile.

Msabaha aliinama. "Nilimwogopa yule, asije akajua nina mke akaniacha."

"Yeye ulimwogopa. Mimi hukuniogopa."

Akaomba talaka. Msabaha aliichelewesha miezi saba, na muda wote huo Najat hakupokea simu yake hata moja. Mwishowe Abdulhadi ndiye aliyeileta hati yake hotelini, akajiandaa kwa nasaha. Najat aliipokea mlangoni, akaisoma jina kwa jina kuhakikisha hakuna lililokosewa, kisha akafunga mlango.