Maji Yote Yalikuja Kwetu

Dada yangu hajui kukaa. Mama alimwita Kiguu na Njia tangu utotoni, na hata alipoajiriwa kwenye benki ya umma, kitengo cha utafiti, kiti chake kilikuwa cha kutundikia koti tu. Alizunguka mabondeni akiuliza watu mafuriko hufika wapi, akarudi na ramani: mitaa inayozama ameipaka nyekundu. Alidhani benki itaanzia huko kusaidia. Benki ikamshukuru sana, kisha ikasitisha mikopo kwa kila mtaa wenye rangi hiyo, wetu ukiwemo.

Hasira zilimkaba. Hakula vizuri, hakulala vizuri, na sisi hakutuacha tulale. Mwisho akaacha kazi yenye pensheni, akahamia mfuko unaokopesha watu wajikinge na mabadiliko ya tabianchi, kwa mshahara nusu ya ule wa zamani. Mimi, kinyozi tu, nilimwambia amerukwa na akili.

"Huko nyekundu ndiyo inatangulia," akanijibu, tayari yuko mlangoni.

Na kweli. Majirani walikopeshwa kwa riba ndogo, wakainua misingi, sakafu zao zikafika kiunoni kwangu. Mama peke yake alikosa. Kanuni ilikataza kukopesha ndugu wa wafanyakazi, na aliyeiandika ni dada mwenyewe, asije akaambiwa anapendelea kwao. Alitaka kujenga kwa mshahara wake; mama akakataa katakata.

"Hiyo ni ada ya wajukuu zangu. Maji mimi nayajua."

Haya hakuyajua. Mvua zilipoanza, maji yaliyozoea kuingia kwa kila mtu kidogo kidogo yalikosa njia kwa majirani, yakaja yote kwetu. Asubuhi ile nilimbeba mama mgongoni hadi barazani kwa jirani. Dada akafika mbio, suruali kaikunja, viatu mkononi. Akaingia nyumbani, akatoka, akaingia tena, akibandika kiganja ukutani pale maji yalipofikia. Nilitamani kumshika mabega nimkalishe kwa nguvu.

"Hata leo unapima?" mama akamuuliza.

"Napima, mama." Akaondoa kiganja ukutani. "Niliangalia nyumba moja moja, sikujiuliza maji yataenda wapi. Mimi ndiye niliyekuzamisha. Kesho naenda kuwaambia wakopeshe mtaa mzima, mfereji uchimbwe kwanza, na ile kanuni yangu waifute."

"Wakisema unapigania kwenu?"

"Waseme."

"Wakikufukuza?"

"Nitarudi kukaa na wewe."

Mama akageuka kuutazama mlango wetu. Kandambili zake zilikuwa zinatoka zenyewe, zinaelea, moja imetangulia.

"Ukae wapi?" akauliza.