Kikao cha Mahari na Vidonge Viwili

Mume wangu aliambiwa ana sukari mwaka uleule maduka ya Mwanza yalipojaa kila kitu. Miaka ya foleni tulipanga mstari tangu alfajiri kwa kilo moja ya sukari, tukaambulia nusu. Biashara ilipoachiwa huru, sukari ikauzwa hadi kwenye vibanda vya kwetu Mkolani, na daktari naye akasema hiyo sasa si yenu. Nilicheka kwa hasira. Bia nazo zikaja, za chupa na za makopo, kutoka nchi nisizozijua, na mume wangu akataka kuzionja zote.

Daktari hakumkataza kabisa. Alimwambia mbele yangu kwamba akinywa, anywe kidogo na awe ameshakula, kwa sababu vidonge vyake vinashusha sukari na pombe nayo inaishusha. Vikikutana tumboni bila chakula, anaweza kuzimia. Mtu wa hivyo hutoka jasho, hutetemeka, huongea ovyo, na watu hudhani kalewa. Kwa hiyo walio karibu nawe wajue, akasema. Mume wangu aliitikia ndiyo, ndiyo. Tulipotoka nje akasema daktari mwenyewe mtoto mdogo, bia ni chungu, sukari itoke wapi? Na hilo la kuwaambia watu, nisithubutu.

Alikuwa na sababu. Kijana wetu wa kwanza alikuwa amepata mchumba Magu, na kule, kama kwetu, kabla binti hajatolewa ukoo wenu unachunguzwa: kuna uchawi, kuna kifafa, kuna maradhi gani ya kurithi? Mume wangu aliapa kwamba harusi ya mwanawe haitavunjika kwa ajili ya vidonge vyake. Nami, Mungu anisamehe, niliona ana hoja.

Siku ya kupanga mahari nilimpikia uji na viazi, hakugusa. Wazee wa upande wetu wana msimamo wao: hamli kwa wakwe mpaka ng'ombe wamekubaliwa, maana ukishashiba ugali wa mtu huwezi kubishana naye. Sawa. Lakini yeye akaongeza ujuzi wake, akafunga tangu nyumbani. Na badala ya kidonge kimoja akameza viwili, eti cha pili ni cha kuikabili bia! Nilipopiga kelele akaniambia nisimtie mkosi.

Magu wanaume walikaa uani, sisi wanawake jikoni, pembeni mwa ua. Chakula bado, lakini bia zilikuwepo, kreti mbili, kwa heshima yetu. Wakabishana weee, jua linapanda. Mimi nachambua mchele na mama wa binti, masikio yangu yako uani. Wenyeji walikuwa wanataka ng'ombe thelathini. Ghafla nikasikia sauti ya mume wangu ikitaja arobaini, na sisi ndio tunaotoa! Watu wakacheka. Nikachungulia: shati limelowa jasho, mikono inatetemeka. Kisha akainamisha kichwa palepale kwenye kiti, na kaka yake wa damu akasema mwacheni alale kidogo, pombe itamtoka.

Nilijua sukari imemshuka, nikachukua soda bila kumwomba mtu, nikaingia kwenye kikao cha wanaume. Mjomba wa binti, msemaji wao, aliniambia kwa upole kwamba bado hawajamaliza. Nilimpita. Nilimwinua mume wangu kichwa, na kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza, nikamnywesha kidogo kidogo, nyingine ikimwagikia kifuani. Nilitaka kulia, na nilitaka kumzaba kofi. Baada ya muda akafungua macho, akanitambua, akatambua na mahali tulipo.

"Ana nini huyu?" mjomba akauliza.

Kikao kizima kikanitazama. Mume wangu naye akanitazama, na nilijua ananiomba nini. Nikamfikiria mwanangu.

"Pombe imemzidi," nikasema.

Wakashusha pumzi, wakacheka. Mjomba, mtu mkarimu kweli, akasema dawa ya moto ni moto, akafungua chupa nyingine akamnyooshea. Na yule mwanamume, niliyetoka kumvuta kaburini sasa hivi, akanyoosha mkono aipokee.

Nikaidaka mimi. Sababu ya kuwapa sikuwa nayo. Ile ya kweli nilikuwa nimeshaizika kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikaiinua chupa, nikainywa yote nimesimama, mbele ya wakwe, mimi ambaye sikuwahi kuonja bia tangu nizaliwe. Nikafuta mdomo kwa khanga, nikawaambia nina njaa na nataka chakula kiletwe sasa hivi, ng'ombe mtawamalizia mkiwa mnakula.

Kikaletwa. Nadhani walitaka tu niondoke pale. Mume wangu alikula, wakaelewana, harusi ikafungwa. Lakini mpaka leo, nikifika Magu kwenye shughuli yoyote, wakwe zangu wananitafutia bia kabla sijapata kiti, na wanawasimulia wageni jinsi mama huyu alivyokatisha kikao cha mahari kwa ajili ya kiu. Mume wangu hukaa hapohapo, na yeye hucheka pamoja nao.